Walimpa Tuzo Wakamnyima Kazi

Mtaa wa Orchard,
Burbank, California.
9 Oktoba.

Mpendwa Kaka Harlan,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto lisilojua kwamba Oktoba imefika. Hali yako vipi? Lile goti la bandia limekubali, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na wifi yangu Doreen, presha imetulia? Nimesikia redioni kwamba Nebraska mmeshaanza kupata baridi, nikakuwazia wewe na ng'ombe wako. Natumaini majani ya akiba yametosha, na kwamba mwanao Galen anakusaidia kazi badala ya kushinda na simu mkononi.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi ni mzima, ila macho yamepungua nguvu, ndiyo maana mwandiko umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Dada Corinne mwili wake hauna neno. Ni mambo mengine yaliyonifanya nishike kalamu.

Kadi yako ilifika, ahsante kwa kutukumbuka. Uliandika, "Hongera dada kwa tuzo, ulituchekesha sana pale jukwaani. Sasa pumzika, njoo huku ulime maua." Kaka, wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukuvunjia heshima, lakini leo utanisamehe. Ulichekeshwa na nini? Nani alikwambia dada alikuwa anachekesha? Aliisoma kadi yako, akaibandika kwenye friji, akaenda kulala saa nane mchana. Corinne wetu, kulala mchana! Yeye hakusema neno, kwa hiyo nitasema mimi.

Nyinyi huko mliona dakika mbili za televisheni. Kaa kitako nikueleze.

Alikotoka unakujua, maana wewe ndiye uliyempeleka stendi ya basi na begi la marehemu mama, baba akiwa amegoma kutoka ghalani kumuaga. Kazi yake ya kwanza ilikuwa tangazo la sabuni ya vyombo, wakaonyesha mikono yake tu. Zikaja zile filamu za wachunga ng'ombe, ambamo kila mara yeye ndiye mke anayekufa mapema ili mume apate sababu ya kulipiza kisasi. Amekufa kwa risasi, kwa homa, kwa kukanyagwa na farasi, na mara moja aliangukiwa na paa la kanisa. Kwa hiyo usije ukadhani huyu mwanamke anaogopa kufa mbele ya kamera. Kufa anakujua kuliko daktari.

Baadaye ndipo wakaanza kumwona. Unaikumbuka ile filamu ya mfanyakazi wa simu aliyegoma? Mama aliitazama pale sinema ya mjini Valentine mpaka mwenye sinema akaona aibu kumtoza. Dada aliteuliwa kuwania tuzo, akateuliwa tena, akateuliwa mara ya tatu, na mara zote alirudi nyumbani mikono mitupu. Ukatili wa ile shughuli huujui mpaka ukae mle ukumbini. Jina likitaka kutajwa, kamera inakusogelea usoni ili nchi nzima ione unavyomeza mate. Dada alikuwa anafanyia mazoezi tabasamu la kushindwa kwenye kioo cha bafuni, mimi nikimwambia, "Hilo limezidi, punguza meno." Mara ya tatu aliyemshinda ni Jeanette Orcutt. Filamu yake nzima alikuwa analia dirishani tu! Dada akamtumia maua. Mimi nilikataa hata kuyabeba.

Miaka ya karibuni ndiyo hiyo mliyokuwa mnaiangalia, akiwa Nesi Tolliver wa ile tamthilia ya hospitali ya kila Alhamisi. Manesi wa kweli wanamsimamisha dukani kumlalamikia zamu zao. Na mimi, tangu mume wangu Roy afariki nikahamia kwake, ndiye dereva wake na ndiye ninayemshikia skripti akikariri.

Basi mwezi wa nne ikaja simu. Baraza la tuzo limeamua kumpa tuzo ya heshima, ya maisha yake yote katika uigizaji. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Wiki iliyofuata tukaenda studio kusoma mezani. Ndivyo wanavyofanya kabla ya kupiga picha za kila kipindi. Waigizaji wote wanaizunguka meza ndefu, kahawa na donati zipo, wanasoma skripti kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wakubwa wanasikiliza. Sisi wapambe tunakaa ukutani na mikoba. Sasa dada ana tabia yake: hasomi mbele. Skripti ikiletwa nyumbani haifungui. Anataka aisikie pale mezani kwa mara ya kwanza, maana anasema Nesi Tolliver naye hajui ya kesho. Studio nzima wanaijua tabia hiyo na wanamtania kwayo.

Siku hiyo tulikuta keki kubwa mezani na maua meupe. Dada akanikonyeza. Alidhani ni ya tuzo, na mimi nilidhani hivyohivyo. Niliona watu wanamkumbatia muda mrefu kidogo, msichana wa mavazi macho mekundu, nikasema moyoni, kumbe wanampenda kiasi hiki!

Wakaanza kusoma. Kufika katikati, Nesi Tolliver anashika ukuta wa korido. Ukurasa wa pili yake, yuko kitandani. Dada anasoma, sauti imenyooka, lakini nikaona kidole chake kinatangulia kwenye mistari ya chini, jambo ambalo halifanyi kamwe. Akasoma maneno ya kumuaga yule daktari kijana. Akasoma mpaka pumzi ya mwisho, hakukwama hata neno moja. Halafu, Harlan, wakasimama wote wakapiga makofi. Mtu anafukuzwa kazi mbele za watu, kwa mdomo wake mwenyewe, na wao wanapiga makofi!

Kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia. Mtayarishaji alidhani wakala, wakala alidhani mtayarishaji, na waliobaki walidhani safari hii angalau amechungulia. Hakuna aliyechukua simu.

Mtayarishaji mwenyewe anaitwa Preston Dietz, kijana wa ndevu za kuchonga na viatu vya kukimbilia ambavyo havijawahi kukimbia. Akaja na kisahani.

"Mama Corinne, umetuua! Si unaona hii ni zawadi? Kifo na tuzo mwaka mmoja! Nchi nzima italia."

"Zawadi ya nini?" dada akamuuliza.

"Ya kuagwa vizuri. Hakuna mwigizaji aliyewahi kuagwa hivi."

"Nani kakwambia naaga?"

"Aa... nilidhani baada ya tuzo kama ile... watu hupenda kumalizia wakiwa juu."

"Mimi sipo juu, Preston. Nipo hapa mezani. Nataka kazi."

Akacheka! Haki ya Mungu alicheka, akamkatia kipande cha keki, tena chenye ua la sukari. Mimi niliinuka pale ukutani nimwambie neno, dada akanitazama nikakaa.

Siku ya kupiga picha alikifanya kile kifo, na alikifanya vizuri mpaka mshika kamera akaomba dakika ya kujifuta. Tulipotoka nje kwenda kwenye gari tukamkuta fundi na kopo la rangi. Anafuta jina lake pale pa kuegesha, na gari letu bado lipo! "Samahani mama," akasema, "nimeambiwa leo." Dada akamwambia hakuna shida, amalizie upande wa pili asije akakanyaga rangi mbichi. Nikaendesha mpaka nyumbani siongei, maana ningefungua mdomo ningemgonga mtu.

Sasa sikia kilichofuata, maana hiki ndicho hukukiona kwenye televisheni. Tangu nihamie hapa, kila asubuhi dada alikuwa anapasha sauti bafuni, maa mee mii moo, mpaka nampigia kelele anyamaze. Mwezi wa sita akaacha. Nikadhani ni mafua. Akaacha kupaka nywele rangi, akaacha kutembea mlimani, akaanza kuniuliza leo ni siku gani. Wakala wake akimpigia ni kumpa hongera tu. Kila mtu hongera, hongera, kama harusi. Nilimuuliza wakala, kwani hakuna kazi? Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtu akishapewa tuzo ya maisha, watu wanaona haya kumpa nafasi ndogo, na nafasi kubwa za umri wake hazipo. Umeona ujanja huo? Wanakuheshimu mpaka unakosa cha kufanya.

Nilikuwa namwogopea, kaka. Nilidhani tutampoteza kweli.

Ndiyo tukafika siku ya tuzo. Ukumbini watu wanaingia jua linawaka, wamevaa magauni ya usiku, maana kipindi kinarushwa moja kwa moja na huko mashariki ya nchi tayari ni usiku. Nilimwandikia shukrani kwenye karatasi kwa herufi kubwa, wewe na mama mmo. Akaikunja akaiacha kitini. Nikajua leo kuna jambo.

Maneno yake uliyasikia, lakini ngoja niyarudie bila kile kicheko. Alilipokea lile sanamu, akaliweka chini sakafuni, akasema, "Ahsanteni. Naambiwa hii ni ya maisha yangu yote. Sasa maisha yangu hayajaisha, hapo ndipo penye tabu. Sina kazi tangu mwezi wa tano. Sauti ninayo, kumbukumbu ninayo, magoti yote mawili ni ya kwangu." Hapo ndipo mlipoanza kucheka. "Sitanii. Nacheza bibi, hakimu, mwizi, mlevi. Simu yangu ya nyumbani ni hii."

Wakaanza kupiga muziki, ule wa kumwambia mtu muda umekwisha ashuke. Na yeye akaitaja namba ya simu juu ya muziki, kwa ile sauti ya jukwaani isiyohitaji kipaza sauti, akairudia mara ya pili polepole. Ukumbi ukavunjika mbavu. Wakasimama, wakamshangilia, eti ndiye mchekeshaji wa mwaka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikamwona yeye hacheki. Dada yako alikuwa anaomba kazi mbele ya nchi nzima, Harlan, na nchi nzima ikacheka, na wewe ukiwemo.

Simu zilikuja, nisiseme uongo. Alipiga mtu wa bima ya mazishi. Alipiga mwanamume wa Tulsa anataka kumwoa, anao mbwa watatu. Walipiga watu wa vifaa vya masikio ya wasiosikia vizuri, wanataka akae kwenye tangazo akisema "Eh? Unasemaje?" Dada akawaambia anasikia vizuri, tena amesikia walivyo.

Halafu akapiga Preston! Watazamaji wamelalamika, kwa hiyo wamepata wazo la kumrudisha Nesi Tolliver.

"Atafufuka?" dada akauliza, na nikaona anakaa wima.

"Hapana, hapana. Kama mzimu."

"Huyo mzimu anasema nini?"

"Hasemi, mama. Anatokea tu mwisho wa korido anatabasamu. Itakuwa nzuri sana!"

Dada akakata simu taratibu, akarudi kitandani. Ndiyo wiki ambayo kadi yako iliingia. Sasa umeelewa kwa nini nilitaka kuichana.

Wiki mbili zilizopita akapiga msichana anaitwa Imelda Quiroz, mwongozaji, anatengeneza filamu yake ya kwanza huko Pacoima, kitongoji cha watu wa kawaida. Nilipokea mimi. Akasema kwa adabu zote kwamba angependa Bi Corinne aje kufanya usaili. Usaili! Nikamwambia, "Binti, unajua unaongea kuhusu nani? Huyu kapewa tuzo ya maisha, wewe unataka aje ajaribiwe kama mtoto wa shule?"

"Najua, mama," akasema. "Nampenda sana. Ila sijui kama anafaa kwa hii."

Nilitaka kumjibu, simu ikanyakuliwa. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo ya kulalia.

"Wapi, na saa ngapi?" akauliza.

Nikagomba njia nzima. Nikamwambia wanamdhalilisha. Akaniambia, "Mari, kuna muda mrefu sana hakuna mtu aliyekuwa na shaka na mimi. Endesha."

Usaili wenyewe ulikuwa kwenye chumba cha shule ya kucheza dansi, vioo kila upande, na nje korido ina benchi. Kwenye benchi wamekaa wamama tu, na wote nawajua kwa sura. Yule aliyeigiza malkia wa Roma yupo. Yule wa matangazo ya kahawa yupo. Na mwisho wa benchi, amevaa miwani ya kamba, skripti mapajani, ni nani? Jeanette Orcutt! Mwenye sanamu la dhahabu la haki, alilolipata kwa kushindana, amekaa kwenye benchi la mbao anasubiri aitwe.

"Corinne," akasema, "sogea hapa, pana nafasi. Nilisikia namba yako kwenye televisheni nikasema huyu mshenzi kaniwahi, mimi nilitaka kusema hivyohivyo."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Jeanette akatoa pipi za mnanaa, akanipa na mimi. Nilipokea moja, kaka, lakini sikuimaliza yangu. Chuki yangu na Jeanette nimeitunza vizuri miaka yote hii, siwezi kuiacha kwa pipi.

Majibu yakaja juzi. Imelda alipiga mwenyewe. Ile nafasi kubwa ya mama wa filamu amepewa Jeanette Orcutt. Tena! Jeanette tena! Na dada amepewa jirani. Jirani, Harlan! Anagonga mlango, anasema sentensi nne, anaondoka. Nilitupa kitambaa cha vyombo sakafuni. Nikasema nampigia huyo binti, nikasema abaki Jeanette na mlango wake, nikasema mtu mwenye tuzo ya maisha yake yote hawezi kwenda Pacoima kugonga mlango. Nililia kwa hasira palepale kwenye sinki.

Dada akasema, "Mari, nyamaza kidogo, nafikiri."

Alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

"Huyu jirani anajua mtoto wa yule mama ameumia," akasema. "Mama mwenyewe bado hajui. Sasa mtu wa namna hiyo anagongaje?"

Tangu hapo nyumba hii haina amani. Yeye anatoka uani, mimi nabaki ndani kuwa Jeanette. Mimi, kuwa Jeanette! Anagonga kwa kiganja. Anagonga kwa kidole kimoja. Anakuja, ananyanyua mkono, hagongi, anageuka anarudi mpaka getini. Nikilalamika kwamba chakula kinaungua ananiambia zima jiko. Leo asubuhi aligonga, nikaenda kufungua huku nanung'unika, nikamkuta amesimama pale na lile koti kuukuu la bustani, na sikumwona dada yangu kabisa. Nilimwona mwanamke ambaye amekuja kuniharibia maisha na hana jinsi. Nikasahau hata sentensi yangu. Hasira zote nilizokuandikia hapa bado nilikuwa nazo, na sikujua niziweke wapi.

Wanaanza kupiga picha wiki ijayo. Ukimwandikia, usimpe hongera wala pole. Muulize kazi inaendaje. Muulize hilo tu, atakujibu kurasa nne.

Nisalimie wifi Doreen, mwambie dawa zake asizikatize. Msalimie Galen na mkewe, na wale pacha wao wabusu kwa niaba yangu. Msalimie mchungaji, na shangazi Hedvig kama bado anatambua watu. Mungu awalinde na theluji, awape nyasi mwakani na nguvu za kuzikata.

Nilikuwa na mengine ya kukuambia, lakini nisamehe naishia hapa. Anagonga, na nikichelewa kufungua anaanza upya.

Mimi dada yako mdogo,
nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Maribeth